Haki ya Paka Anayechagua Chakula

Anayemfuga paka amejitwika deni la kumlisha. Hapo dini na falsafa hazina ubishi mkubwa. Ubishi huanza paka anapowekewa chakula akakisusa, au anapokila na baada ya muda mfupi akakitapika. Je, mfugaji ameshatimiza wajibu wake kwa kuweka sahani chini, au deni linabaki mpaka mnyama ale kitu kinachomkaa tumboni? Na ikiwa analazimika kumchagulia, uchaguzi huo ukome wapi katika mji ambao wapo watu wanaolala na njaa?

Jijini Dar es Salaam jibu hutegemea kwanza paka mwenyewe anaishi vipi. Katika wilaya za Kinondoni na Temeke paka wana maisha ya namna tatu. Wapo wa sokoni na ufukweni: huko Kunduchi wanakoshusha samaki, au katika masoko ya Tandale na Tandika, paka hana mwenyewe, na riziki yake ni matumbo ya samaki, mabaki ya kuku na panya wa usiku. Wapo wa nyumba za kupanga, ambao ni wa uani kuliko kuwa wa mtu fulani: mpangaji mmoja humtupia ukoko wa ugali, mwingine miiba ya samaki, na paka mwenyewe hupanda paa akaenda kujaribu bahati kwa jirani. Na wapo wanaofungiwa: katika nyumba za geti na fleti za Mbezi Beach au Mikocheni, na vilevile katika chumba kimoja cha Mbagala ambacho mwenyewe hukifunga alfajiri akienda kazini na kukifungua giza limeshaingia. Mnyama ni yule yule, lakini anachomdai binadamu hakilingani.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo husimuliwa sana katika mawaidha ya Pwani. Mtume Muhammad (S.A.W.) alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Mwanamke huyo hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Lawama ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika suala hili. Paka aliyeachiwa hakunyimwa chakula hata kama hakuna aliyempa kitu, kwa kuwa amebakiwa na uwezo wa kutafuta na kuchagua. Leo akila samaki aliyeharibika, kesho atampita na kuwinda mjusi. Nyasi zikimtuliza tumbo, atazitafuna. Mlango ukifungwa, uwezo huo unaondoka kwake na kuhamia kwa mwenye ufunguo.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapoanza kuonekana. Kumchagulia paka wa ndani chakula si kumdekeza. Ni kumrudishia kitu alichokuwa nacho kabla ya kufungiwa. Mfugaji aliyemzuia mnyama asijichagulie amejifanya yeye kuwa mchaguzi, na mchaguzi hawezi kusema kazi yake imekwisha kwa kuweka chochote kilichopatikana.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona jambo hili kwa mapana. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi kati ya Waislamu wa Pwani ya Afrika Mashariki, huweka matumizi ya mnyama katika mlango mmoja na matumizi ya mke, watoto na wazazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj kwamba mwenye mnyama ni juu yake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: kama mnyama ni wa kuliwa, achague kumlisha, kumuuza au kumchinja. Kama si wa kuliwa, amlishe au amuuze. Kabla yake, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, na ya kwanza aliyoitaja ni kugharimiwa hata pale mnyama anapozeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Nukta hii inamgusa moja kwa moja paka mwenye tumbo lisilohimili. Wengi mjini hufuga paka kwa ajili ya panya. Anayeharisha na kulala pembeni hawindi, na kwa hesabu ya faida hana anachostahili. Lakini kwa hesabu ya fiqhi ugonjwa haupunguzi haki yake, na yule asiyefaa ndiye anayepima kama mfugaji alikuwa akitimiza wajibu au akilipa ujira.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha utimizaji huo unafananaje. Kabsha binti Kaab alimmiminia maji ya udhu baba mkwe wake, sahaba Abu Qatada. Paka akaja anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, kisha, alipomwona Kabsha anamtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani mwao. Kisa hiki hutajwa sana katika mlango wa tohara, kuthibitisha kwamba mabaki ya paka ni safi. Ila kitendo chenyewe kina funzo lake. Maji yalikuwepo na chombo kilikuwepo. Abu Qatada hakuona kwamba hayo yametosha, akakilaza chombo kwa kiasi cha mdomo wa mnyama, naye akasubiri.

Katika Ukristo, sura ya 12 ya kitabu cha Mithali inamtaja mwenye haki kuwa mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliona kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya kwa kuwa humzoesha mtu ukatili kwa wenzake, na mwanafalsafa Immanuel Kant alifuata njia inayokaribiana na hiyo karne ya 18. Hoja yao ina ukweli, lakini macho yake yako kwa binadamu tu. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham aliielekeza kwa mnyama mwenyewe, akisema la kuuliza ni kama anaweza kuumia. Paka anayejikunyata na kunguruma tumbo baada ya kila mlo anaumia, na maumivu hayo ni yake, awe anaonekana na watu au yuko peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Sheria ya nchi nayo imefika hapo: Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na kwa sheria hiyo matunzo ya mnyama si hiari ya mwenye mali peke yake.

Pamoja na hayo yote, mtaani kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kupuuzwa. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na wengi humtumia paka msemo huo bila kusita: akisusa, aachwe, njaa itamfunza. Malezi ya binadamu yamejengwa kwa kiasi fulani juu ya busara hiyo, na kwa mtoto mwenye afya anayekataa mboga si busara mbaya. Kwa paka haifai, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kimaadili. Lawama ya kuchagua humwendea mwenye akili ya kupima, anayejua kwamba chakula ni cha shida na bado akakidharau. Paka hajakalifishwa, yaani hakubebeshwa amri wala makatazo. Hana kiburi wala shukrani kwa maana tunayoijua. Kukataa kwake ni habari inayotoka mwilini. Paka hutambua chakula kwa pua zaidi ya ulimi, na kilichopoa hakimnukii. Utamu wa sukari haujui kabisa: mwaka 2005 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba kinasaba cha kuuonja utamu kimeharibika katika jamii ya paka. Alichozoeshwa akiwa mdogo ndicho anachokitambua kuwa chakula. Na kile kilichowahi kumtia kichefuchefu atakikwepa kwa muda mrefu, hata kama hakikuwa chanzo cha ugonjwa.

Sababu ya pili ni ya kimwili. Mwili wa paka haukuumbwa kwa mfungo mrefu. Paka, hasa mnene, akikaa bila kula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini huanza kuhamia kwenye ini kwa wingi usiomudika, ini likajaa mafuta na kushindwa kazi. Wapo wanaokufa kwa njia hiyo huku bakuli limejaa. Kwa hiyo anayemwacha paka afunzwe na njaa anaweza kufika palepale alipofika mwanamke wa hadithi, ingawa yeye chakula alikiweka.

Susio lenyewe lina namna ya kusomeka. Paka wa uani anasogezewa ugali uliochovywa mchuzi wa samaki. Ananusa, anarudisha kichwa nyuma, anakwaruza sakafu kwa mkono kuzunguka bakuli kama anayetaka kulifukia, kisha anaondoka. Mwenye nyumba huona dharau. Lakini mchuzi ule una kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Una chumvi na pengine pilipili. Na chini yake kuna unga wa mahindi, ambao hujaza tumbo bila kumpa anachohitaji. Huenda pia bakuli linanuka sabuni, au limewekwa jirani na mahali anapojisaidia, au jino linamuuma. Kila moja ya sababu hizo huondolewa kwa njia yake, na hakuna inayoondolewa kwa kumkasirikia.

Anachohitaji paka si suala la mapenzi yake wala ya mfugaji. Ni mla nyama kwa maumbile, na baadhi ya virutubisho mwili wake hauwezi kuvitengeneza kutokana na mimea. Taurini ni kimojawapo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walibaini kwamba paka wengi waliokuwa na moyo uliopanuka na kudhoofika walikuwa wamepungukiwa taurini, ingawa walilishwa vyakula vya viwandani vilivyodhaniwa kuwa kamili, na walipoongezewa, mioyo yao ilipata nafuu. Taurini ikikosekana kwa muda mrefu, hata macho hupofuka. Vitamini A nayo paka huipata kutoka kwa mnyama mwingine, kwa sababu hawezi kuitengeneza kutokana na karoti au mchicha.

Ukweli huo unazaa mtihani kwa nyumba zisizokula nyama. Dar es Salaam ina jamii za muda mrefu za Wahindu na Wajaini, na kwa wengi wao kutodhuru kiumbe ni nguzo ya imani. Je, mtu wa nyumba hiyo amnunulie paka samaki? Akimlisha dengu na maziwa, anamdhuru kiumbe aliye mikononi mwake ili asimdhuru aliye mbali. Mfungo ni ibada ya anayeufahamu na kuuchagua, hauwezi kubebeshwa mnyama asiyeuweza. Asiye tayari kuingiza nyama nyumbani anaweza kuishi na wanyama wengine na kumwacha paka kwa anayeweza. Waislamu nao wana swali lao, la makopo yanayotoka nje ambayo huenda yana nyama isiyo halali. Paka hafungwi na sheria ya halali na haramu. Anayefungwa ni mnunuzi, na kwake njia nyepesi ni kutafuta kopo la samaki au kuku linaloaminika, au kupika mwenyewe.

Kupika ndiyo njia ya walio wengi, na masoko ya Kinondoni na Temeke yana vya kutosha. Dagaa huuzwa kwa fungu au kisado na ni nafuu, ila wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wa ziwani mara nyingi huanikwa mchangani. Hivyo huoshwa mara kadhaa, huondolewa vichwa, hulowekwa, kisha huchemshwa bila chumvi wala kiungo, na maji ya kwanza humwagwa. Samaki mbichi si salama kwa kila siku, kwa kuwa baadhi ya aina zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyepungukiwa huanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Samaki peke yake, hata wa kupikwa, hatoshi mwaka mzima. Nyama ya kuku iliyochemshwa na kuchambuliwa mifupa ndiyo mara nyingi hutulia tumboni, na moyo na firigisi zake ni nyongeza nzuri. Moyo una taurini kwa wingi. Maini yanafaa kwa kiasi kidogo mara moja moja, maana vitamini A ikizidi kwa muda mrefu hukakamaza mifupa ya shingo. Mapupu ya bucha huongeza ujazo lakini hayawezi kuwa mlo mzima. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watu wengi huyaona kuwa haki ya kwanza ya paka, ndiyo chanzo cha kuhara kwa paka wengi wakubwa, kwa sababu uwezo wao wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua wakishaachishwa kunyonya. Maji safi yanatosha.

Kwa mwenye tumbo lisilohimili, kanuni ni utulivu na mpangilio. Kinapojaribiwa chakula kipya, kibadilishwe kitu kimoja tu, kikichanganywa na kile cha zamani kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, ili kinachoudhi kijulikane. Chakula kiwe na uvuguvugu, milo iwe midogo na ya mara kwa mara, na kilichobaki kiondolewe kabla joto la Dar halijakichachusha. Ikiwa kuhara kunaendelea, sababu inaweza kuwa minyoo wala si chakula, na hapo kubadilisha nyama kila siku ni kumtesa bure. Damu kwenye kinyesi, kutapika mfululizo, au siku nzima bila kula ni sababu ya kumwona daktari wa mifugo. Dawa za binadamu zisiguswe: hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Elimu ya magonjwa ya wanyama haiko mbali na watu wa jiji hili. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania uko Temeke, katika eneo ambalo watu wamezoea kuliita Veterinari.

Limebaki swali la kikomo. Kurani, katika sura ya Al-A'raf, inaamuru kula na kunywa bila kufanya israfu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba wanyama wanastahili wema na wasiteswe bure, na papo hapo inaonya dhidi ya kuwatumia fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza dhiki za watu. Maonyo hayo yanastahili kusikika katika mitaa ambako kopo moja la chakula cha paka kutoka nje linaweza kuwa na bei ya mboga ya familia.

Wanazuoni wa misingi ya sheria, tangu Ghazali aliyefariki mwaka 1111 hadi Shatibi aliyefariki mwaka 1388, waliyapanga maslahi katika daraja tatu: dharura, mahitaji, na mapambo. Ingawa waliyaandika kwa ajili ya binadamu, mpangilio huo unasaidia hapa. Dharura ya paka ni nyama au samaki wa kumweka hai na maji ya kunywa. Hitaji lake, akiwa mgonjwa wa tumbo, ni kwamba chakula hicho kiwe kile anachokihimili. Mapambo ni kopo la ladha mpya kila juma, sahani yenye nakshi, na kila kinachomfurahisha mfugaji kuliko mnyama. Mkono ukiwa mfupi, mapambo yaondoke bila majuto. Dharura haiondoki maadamu mlango umefungwa. Hitaji hulindwa kwa kadiri ya uwezo, na kwa bahati njema uwezo unaotakiwa ni mdogo: kiasi cha dagaa au kuku kinachoingia kwenye kiganja, kikipikwa kivyake kabla kitunguu hakijatiwa sufuriani. Anachodai paka huyu ni uangalifu kuliko fedha, na uangalifu haumpokonyi jirani kitu. Anayejitetea kwa njaa ya jirani ili asimpikie paka aonyeshe kwanza alichompelekea huyo jirani.

Asiyeweza hata hicho ana njia moja ya heshima, nayo ni kumtafutia paka mtu atakayeweza. Kumtia kwenye kiroba na kumtupa sokoni si kule kuachia kunakotajwa katika hadithi. Kuachia humfaa mnyama mwenye nguvu na ujuzi wa kujitafutia. Aliyelelewa ndani, tena mwenye tumbo bovu, akitupwa kati ya paka wa Tandika waliozoea vita vya kugombea mabaki ya samaki, amenyimwa chakula kwa njia nyingine.

Wajibu wa kulisha, basi, hautimii bakuli linapowekwa. Unatimia mnyama anapokula na mwili wake ukapokea. Kadiri mfugaji anavyomfungia zaidi, ndivyo anavyowajibika zaidi kumchagulia, na ugonjwa wa mnyama huongeza wajibu huo badala ya kuufuta. Aliyefunga mlango na ajue kinachoingia kwenye bakuli, akitazame kikiliwa, na kikisuswa atafute sababu kabla ya kutafuta fimbo.